Fuata lita moja: namna ya kuandaa kijiji kiishi bila mafuta

Machungwa ya Muheza, hapa mkoani Tanga, hayaozi kwa kukosa mvua, yanaoza kwa kukosa lori. Mwaka 2022, mwezi wa Agosti, petroli ilipovuka shilingi 3,400 kwa lita Dar es Salaam, mnunuzi aliyezoea kuja kwetu kila wiki alianza kuja baada ya wiki mbili, tena na bei yake mfukoni. Ukikataa, anawasha gari. Nakumbuka lundo moja chini ya mwembe, kando ya barabara ya vumbi: ya juu bado yanang'aa, ya chini yameshalainika na kuota ukungu wa kijani, nyuki wamejaa. Mwenye lundo hana hata pikipiki. Sidhani kama amewahi kununua lita kumi za petroli kwa mpigo tangu azaliwe. Mafuta yalipopanda, wa kwanza kuumia alikuwa yeye.

Mafuta yanayotubana vijijini huwa kwenye tangi la mtu mwingine. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na paneli za sola wala gari la umeme. Unaanza na daftari.

Kabla ya daftari, maneno machache kuhusu tunachojiandaa nacho. Mafuta hayakatiki ghafla kama LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kwanza yanapanda bei, kisha yanachelewa, kisha yanapatikana kwa kujuana. Waulizeni ndugu zetu wa Bujumbura, ambao wamekaa foleni za mafuta miaka kadhaa sasa, abiria wakirudi nyumbani kwa miguu. Waulizeni wazee wetu wenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku magari binafsi barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana ili kubana matumizi. Na tusidanganyike kwamba bomba litatuokoa. Lile la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, linaishia hapa mkoani Tanga, lakini linabeba mafuta ghafi ya kupakiwa melini. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990, na cha Changamwe, Mombasa, kikaacha 2013. Petroli ya bodaboda wa Muheza inatoka ng'ambo, na itaendelea kutoka ng'ambo.

Jipangieni lengo linalopimika. Sisi tulichukua siku 90, na hatukuiokota hewani. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika baada ya hitilafu kwenye njia ya kebo ya baharini, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Pampu za maji zilisimama, watu wakarudi kwenye visima vya zamani, mwenye jenereta akawa mfalme, na asiye na kisima wala jenereta akanunua maji kwa ndoo. Swali la kijiji basi ni hili: lori la mafuta lisipofika kwa siku 90, nani analala njaa, nani anakosa maji, nani anafia njiani kwenda hospitali?

Hatua ya kwanza: fungueni daftari

Chagueni watu wanne au watano wanaoaminika, wasiwe wote wanaume na wasiwe wote wa familia moja. Kwa mwezi mzima waandike kila lita inayoingia kijijini na kila lita inayotumika nje kwa ajili ya kijiji. Safu nne zinatosha: nani ametumia, kwa kazi gani, lita ngapi, na ingekuwaje kama zisingekuwepo.

Hiyo safu ya nne ndiyo yenye akili. Kijana wa bodaboda aliyemchukua abiria kwenda mnadani anaandikwa, na abiria angetembea. Mwenye mashine ya kusaga aliyechoma lita sita Ijumaa anaandikwa, na bila hizo kaya nzima zingelala na mahindi ndani bila ugali. Lori la saruji, gari la soda, pampu ya kisima, jenereta ya ukumbi wa mpira, mashine ya kukata mbao msituni, mafuta ya taa ya yule bibi ambaye bado anatumia kibatari. Andikeni na mitungi ya gesi, nitaeleza sababu mbele.

Msiulize watu kwa kukisia. Ukimuuliza mtu wa mashine anatumia dizeli kiasi gani atakwambia "kidogo tu". Nendeni na kidumu chenye alama, jazeni tangi asubuhi, sagisheni siku nzima, jazeni tena jioni. Kilichopungua ndicho jibu.

Na mkitaka wanakijiji waelewe uzito wa jambo, wapeni hesabu hii. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban uniti 10, kwa kipimo kile kile cha LUKU. Injini inapoteza sehemu kubwa kwa joto, ikabaki kama robo inayofanya kazi. Kibarua mwenye nguvu, kwa siku nzima ya jembe, anatoa kama nusu uniti hadi robo tatu. Kwa hiyo kikopo kimoja cha lita ni kibarua wa siku nne, na tunamlipa pesa ya chakula cha mchana. Mtu akishaliona hilo hawezi tena kusema "tutarudi tu kama zamani". Zamani hiyo ilikuwa na jasho ambalo hatulikumbuki vizuri.

Hatua ya pili: lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu kisheria. Ombeni ajenda mapema kwa mtendaji, msilirushe kwenye mengineyo. Someni daftari kwa sauti, bila majina ya watu, mkianza na yale ambayo bila mafuta yanaua au yanalaza njaa. Kisha ombeni jambo moja tu: kamati ya kudumu chini ya serikali ya kijiji, yenye haki ya kuleta sheria ndogo baadaye.

Nimeona vikundi vikikwepa hatua hii kwa kuogopa siasa. Vikaanza vyenyewe, na mfadhili akipatikana vikanyanyuka, akiondoka vikabaki na fulana. Kijiji kina ardhi, kina mkutano, kina mamlaka ya sheria ndogo. Vitumieni.

Waiteni vijana wa kijiwe cha bodaboda siku hiyo hiyo, wakae mbele. Wao ndio wanaoishi kwa petroli, na mpango wowote unaowaona kama tatizo watauvunja kwa mzaha tu, hata bila ugomvi.

Hatua ya tatu: kusaga na maji

Katika daftari letu vitu viwili vilibeba uzito kuliko vyote: mashine ya kusaga na pampu.

Kusaga kuna dawa ya bure kabla ya dawa ya gharama. Sembe inapita mashine mara mbili, kukoboa na kusaga. Dona inapita mara moja. Kijiji kikila dona siku nne za wiki, mashine inapumzika sana, na watoto wanapata kile kilichokuwa kikienda kwa kuku. Kasoro yake ni kwamba unga wa dona unaharibika upesi, hivyo saga kidogo kidogo. Watu watalalamika kwamba dona ni chakula cha shule na jela. Walalamike.

Dawa ya gharama ni kuhamisha mashine kwenda umeme. Hapa mkoani tuna bahati ambayo hatuisemi: maji ya mto Pangani yanazalisha umeme Hale tangu miaka ya 1960, na gridi sasa ina bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa ni maji na gesi asilia ya nyumbani, hautegemei meli ya dizeli. Mashine kubwa inataka umeme wa njia tatu, kwa hiyo kabla ya kununua mota nendeni ofisi ya TANESCO mkaulize kama laini iliyopita kijijini inaruhusu. Ukinunua mota kwanza na kuuliza baadaye, utakuwa na pambo la chuma la bei mbaya. Msiitupe injini ya dizeli. Ipakeni grisi, ifunikeni, iwashwe mara moja kwa mwezi, ibaki akiba ya siku umeme ukikatika.

Maji ni rahisi kupanga kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati inatoa lita moja. Bati la mita 40 za mraba, penye mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, na ukitoa moja ya tano inayopotea, linakupa lita 32,000. Tatizo ni pa kuzihifadhi kati ya masika na vuli. Anzeni na majengo ya umma: shule, zahanati, msikiti, kanisa. Wekeni mifereji, tangi, na bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kama kisima chenu kina pampu ya dizeli, ongeeni na chombo cha watumiaji maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini, kuhusu sola, kwa sababu pampu ya sola haihitaji betri: jua likiwaka inajaza tangi, na tangi ndilo betri. Na kisima kimoja angalau kibaki na pampu ya mkono au ya kamba, ambayo fundi wa hapo hapo anaweza kuifungua kwa spana mbili.

Hatua ya nne: jikoni

Hapa nitasema jambo litakalowaudhi wengine. Gesi ya mtungi ni ndugu wa petroli. Inatoka kwenye usafishaji wa mafuta na visima vya nje, inashushwa bandarini, inapakiwa lori. Msiichanganye na gesi ya Songosongo, ambayo inasafiri kwa bomba na imekuwa ikizalisha umeme tangu 2004. Mkakati wa taifa wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na ni jambo jema, mapafu ya mama zetu yamechoka na moshi. Lakini kijiji kinachotoka kwenye kuni kikahamia chote kwenye mtungi kimehamia kwenye foleni ile ile ya bandari. Kila jiko liwe na njia mbili, moja isiyopitia bandarini.

Kwa aliyeunganishiwa umeme, jiko la presha la umeme ndilo la kwanza ningelinunua. Nusu kilo ya maharage haimalizi uniti moja, na kaya inayotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi kwenye daraja dogo inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Linganisheni na bei ya kopo la mkaa kwenu.

Mwenye ng'ombe wa kufugwa ndani ana biogesi. Kinyesi kibichi kilo 25 hadi 30 kwa siku, ukichanganya na maji kiasi hicho hicho, kinatoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi, chakula cha familia ndogo kwa siku. Hiyo ni ng'ombe wawili au watatu, na maji ya uhakika. Mwenye ng'ombe mmoja anayechungwa porini asishawishiwe kujenga mtambo. Kinyesi kinabaki porini. Kwa mashamba makubwa, pale Hale walishaonyesha kwamba hata mabaki ya mkonge yanazalisha gesi na umeme.

Na kwa kila mtu, mwenye umeme na asiye nao, kuna kapu. Nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ni bei ya kutupa na linaokoa kuni, mkaa, gesi na umeme vyote.

Chukua kapu kubwa la ukindu, pana kuliko sufuria yako kwa shibiri moja kila upande. Shona mito miwili ya kitambaa kizito: mmoja wa duara wa kukaa chini na kupanda pembeni, mwingine wa kufunika. Jaza sufi. Kama msufi hakuna, matambara yaliyokatwakatwa au maganda makavu ya mpunga yanafaa. Unene usipungue vidole vitano vya mkono ukiubana. Tandika gunia safi juu ya mto wa chini ili masizi yasishike kitambaa.

Wali: osha mchele, weka na maji kidogo pungufu ya unayozoea, chemsha dakika tano ukiwa umefunika, kisha beba sufuria ikiwa inatokota uiweke kwenye kapu, funika na mto, usichungulie. Baada ya saa moja umeiva. Maharage: loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu dakika 20, halafu kapuni saa tatu hadi nne. Hizo dakika 20 msizipunguze. Maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu inayotapisha. Nyama ikitoka kapuni ichemshwe tena kabla ya kuliwa. Na sufuria ijae angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo kwenye sufuria kubwa kinapoa haraka. Bibi yangu alikuwa akifunika chungu kwa khanga tatu na kukizika kwenye majivu. Alikuwa kwenye njia hiyo hiyo.

Hatua ya tano: chakula cha siku 90

Anzeni na hesabu. Familia ya watu watano, nusu kilo ya nafaka kwa kila mmoja kwa siku, kwa siku 90 ni kilo 225, magunia mawili na robo ya kilo mia. Kila kaya ijipime: je, Machi, kabla ya mavuno, magunia hayo yapo? Wengi wetu tunauza mahindi Agosti kwa bei ya chini na kuyanunua Februari kwa bei ya juu, na katikati lori limeyabeba kwenda na kurudi. Safari mbili za lori kwa gunia lile lile.

Kuhifadhi ndiko kazi ilipo. Mahindi yakaushwe juani juu ya turubai, yasigusane na udongo. Kipimo cha chumvi: weka punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu ya kijiko kimoja, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Msiifanyie haraka hatua hii. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Yakikauka, tumieni mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu, ikifungwa bila hewa. Wadudu wanakufa kwa kukosa pumzi na hakuna dawa ya unga inayohitajika. Panya wakiutoboa mfuko, umekwisha, kwa hiyo uwekwe juu ya chaga.

Akiba nyingine iache ardhini. Muhogo unasubiri shambani mwaka na zaidi bila gharama. Kwa ukanda wetu tafuteni mbegu zinazostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, na mgawane vijiti kwa utaratibu, aliyepewa kumi arudishe ishirini. Muhogo mchungu ulowekwe na kukaushwa kama mama zetu walivyotufundisha, msiuharakishe kwa sababu ya njaa. Njaa ndiyo inayowafanya watu waruke kuloweka.

Mbolea ya dukani nayo ni mafuta kwa mlango wa nyuma: urea inatengenezwa kwa gesi asilia, na bei yake ilipopaa 2022 kila mkulima aliona. Samadi, mboji, mbaazi na kunde katikati ya mahindi vinapunguza utegemezi. Wasambaa wa Lushoto wanautambua mmea wa tughutu, majani yake yakifukiwa yanalainisha na kurutubisha udongo, na wataalamu waliyachanganya na fosfeti ya Minjingu wakapata mazao mazuri. Fosfeti hiyo inachimbwa Manyara.

Kuba walijifunza hili kwa uchungu. Muungano wa Kisovyeti uliposambaratika 1991, mafuta, mbolea na chakula cha kuagiza vilikatika kwa pamoja. Watu walikonda. Havana ikageuza viwanja vilivyo wazi kuwa bustani za mboga, ng'ombe wakarudi kulima, na baiskeli zaidi ya milioni moja zikaletwa kutoka China. Walifaulu kuliko wengi walivyotarajia, lakini walijifunza wakiwa wameshapungua uzito. Sisi tuna nafasi ya kujifunza tukiwa tumeshiba.

Hatua ya sita: njia na mizigo

Kwanza, jambo la usalama. Watu wakisikia uhaba hukimbilia kujaza madumu. Msifanye hivyo, na kamati iseme wazi mkutanoni. Petroli ndani ya nyumba ya makuti ni kaburi. Nchi hii ilizika zaidi ya watu 100 baada ya lori la mafuta kuwaka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, wengi wakiwa wamekwenda kuchota. Akiba ya kijiji ibaki kwenye matangi ya pikipiki mbili zilizopangiwa dharura, zinajazwa kila jioni, zamu kwa wiki. Kazi yake ni mama mjamzito, mtoto mwenye degedege, aliyeumwa na nyoka. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, iandikwe ukutani zahanati na kwenye kijiwe, na madereva wa zamu waandikishwe huko.

Kisha baiskeli. Gunia la kilo mia linabebwa na baiskeli ikisukumwa, na guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, inabeba mara tatu ya hapo kwenye njia ya tambarare. Kinachokwamisha si baiskeli, ni fundi na vipuri. Nunueni kwa pamoja tairi, tyubu, spoku, gololi na minyororo ya aina mbili tu zinazotumika zaidi kijijini, na mpelekeni kijana mmoja wa bodaboda ajifunze ufundi mjini. Ukikusanya aina kumi za baiskeli utakuwa na sanduku la vipuri visivyoingiliana.

Pikipiki za umeme zinakuja, Nairobi zimeshakuwa jambo la kawaida. Moja inatumia uniti tatu hadi nne kwa kilomita mia. Kwa kijiji ningesubiri mpaka kuwe na fundi wa betri karibu kuliko Dar es Salaam.

Kwa mazao, punguzeni safari kabla hamjatafuta chombo. Machungwa yetu yakikamuliwa na kuchemshwa hapa hapa, kinachosafiri ni juisi na si maji pamoja na maganda. Ndizi mbivu zikikaushwa zinapungua uzito mara kadhaa. Mnunuzi wa lori akikawia, hasara inapungua. Reli nayo ipo: njia ya Tanga ilianza kujengwa 1893 na Muheza ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo, ikalala miaka, ikafufuliwa 2019. Treni bado inakunywa dizeli, lakini lita moja inavuta tani moja mbali kuliko lori. Vikundi vya wakulima vijaribu kuuliza behewa kwa pamoja. Na Pangani bado kuna manahodha wanaojua kusi na kaskazi. Jahazi halikimbii, ila halikosi mafuta pia.

Hatua ya saba: fedha na kazi za kugeuziana

VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, mnavijua, sitarudia. Ongezeni tu fungu dogo la kijiji kwa vipuri, matangi na mbegu, lisilokopeshwa. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viombe mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri kwa kitu kinachoondoa lita kwenye daftari, kama mashine ya kukamulia au guta, badala ya duka la tano la vocha.

Kazi za kugeuziana ni mali ya zamani. Msaragambo kwa Wasambaa na Wapare, mweria kwa Wamijikenda. Andikeni saa: saa moja ya shamba kwa saa moja ya kushona, ya kufundisha, ya kubeba maji. Jirani zetu wa Mombasa walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh walianzisha vocha yao, Bangla-Pesa, ili mwenye nyanya na kinyozi wabadilishane hata siku shilingi ikikosekana. Waanzilishi walikamatwa kwa tuhuma za kughushi, mashtaka yakafutwa baadaye mwaka huo huo. Fundisho kwetu: msichapishe kitu chochote kinachofanana na noti. Daftari la saa linatosha, na halimtishi mtu wa Benki Kuu.

Hatua ya nane: siku ya zoezi

Kila robo mwaka, chagueni Jumapili moja. Kuanzia alfajiri hadi magharibi hakuna injini inayowashwa kijijini isipokuwa pikipiki mbili za dharura. Watu wanne wa daftari wanazunguka wakiandika kilichokatika.

Vijana wa bodaboda walipwe siku hiyo. Sisi zoezi la kwanza hatukuwalipa, tuliwaomba tu uzalendo. Saa nne asubuhi wawili walishawasha, na saa sita kijiwe kizima kilikuwa barabarani. Nyumba kadhaa zilikuwa hazina unga kwa sababu Jumamosi mashine ilikuwa na msongamano na hakuna aliyefikiria kusaga Ijumaa. Tangi la shule lilikuwa limejaa, lakini ufunguo wa koki alikuwa nao mwalimu aliyekwenda Tanga mjini. Zahanati friji ya chanjo ilikuwa sawa.

Zoezi la pili tulilipa vijana nusu ya mapato ya siku ya kawaida, wakasomba maji kwa guta kwa wazee wanaoishi peke yao. Ufunguo sasa uko kwa mjumbe na nakala iko dukani. Unga ulitosha. Kilichokatika safari hii kilikuwa kitu ambacho hakuna aliyekiandika kwenye daftari la mwanzo: barafu ya mchuuzi wa samaki, inayokuja kwa pikipiki kutoka mjini kila asubuhi. Samaki wa siku hiyo waliuzwa wakiwa wamekaangwa wote kabla ya saa tano. Ajenda ya mkutano ujao ni friji ya kugandisha ya umeme, na ubishi umeshaanza kuhusu iwekwe kwa nani.